Praima za kawaida, magnamu, za mechi au za kijeshi: uchague ipi kwa risasi unazojaza mwenyewe

Wakuu, hii ni kwa mlioko Marekani mnaojaza risasi zenu za bunduki ndefu, iwe kwa kuwinda kulungu au kupiga shabaha za mbali, na mkifika dukani kununua praima (kile kikombe kidogo kwenye kitako cha ganda kinachopigwa na pini na kuwasha baruti) mnakuta boksi zimeandikwa 200, 210M, 250, 9½, hamjui mshike ipi. Wengi wanabishana kampuni, CCI dhidi ya Federal, Winchester dhidi ya Remington, lakini kiukweli makundi yaleyale yanajirudia kwenye kampuni nyingi na ukikosea kundi hata kampuni nzuri haitakuokoa, kwa hiyo nalinganisha makundi manne na kampuni zitakuja kama mifano.

Kwanza tumalize saizi maana hapo hakuna mjadala. Tunatumia praima za Boxer, zile zenye fuawe yake ndani (kichuma ambacho mchanganyiko unaolipuka unabanwa juu yake), na ganda lake lina tundu moja la moto katikati. Ukichungulia ndani ya ganda ukaona matundu mawili madogo hilo ni Berdan, liweke pembeni. Praima ndogo ya bunduki ina kipenyo cha inchi 0.175 na kubwa inchi 0.210. Kwa aina za risasi, .223 inachukua ndogo, .308 na .30-06 na .300 Win Mag kubwa, ila 6.5 Creedmoor ndio inachanganya watu kwa sababu ganda la Hornady linachukua kubwa na la Lapua linachukua ndogo, tena hilo la Lapua tundu lake la moto ni milimita 1.5 tu, pini ya kawaida ya kutolea praima inaweza kukwama au kukatika, nunua pini nyembamba kabla hujaanza. Na tafadhali usiweke praima ndogo ya bastola kwenye ganda la bunduki eti kwa kuwa imeingia. Inaingia kweli, vipimo ni vilevile, lakini kikombe chake ni laini na .223 inapanda hadi presha ya psi 55,000 (pauni kwa inchi ya mraba), praima ikitoboka gesi moto inarudi kwenye bolti, kile chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, na uso wako uko pale nyuma.

Sasa vigezo. Nitaangalia nguvu ya moto, yaani praima inawasha baruti kiasi gani na inaongeza presha kiasi gani. Halafu ugumu wa kikombe, unaoamua kama kitavumilia presha na kama kitalipuka kwa kuguswa kidogo na pini ya kufyatulia. Halafu usawa wa spidi risasi kwa risasi. Halafu bei na kupatikana, maana praima nzuri usiyoipata tena mwakani inakulazimisha kuanza upya kazi yote.

Za kawaida

Kubwa ni CCI 200, Federal 210, Winchester WLR na Remington 9½, ndogo ni CCI 400, Federal 205, Winchester WSR na Remington 6½.

Moto wake unatosha kabisa kwa maganda ya kati na baruti ya vijiti, zile Varget, H4350, IMR 4064, ambazo zinashika moto kirahisi. Kwa .308 au .30-06 kwenye hali ya hewa ya kawaida huhitaji kitu kingine. Ila WLR hapo ina kaupekee kake, Winchester wenyewe wanasema ni ya kawaida na magnamu pia, kwa hiyo usiichukulie kama sawa na CCI 200 ukabadilisha bila kushusha baruti.

Kikombe ndipo pa kuwa makini, hasa kwenye ndogo. CCI 400 ina unene wa kama inchi 0.020 (tunaita elfu 20, yaani sehemu 20 za elfu za inchi) wakati ndugu yake 450 ina elfu 25, na hiyo tofauti ya elfu 5 unaiona kwa macho kwenye risasi za presha kubwa. Remington 6½ ni laini kiasi kwamba Remington wenyewe hawaipendekezi kwa .223, ni ya vitu vya presha ndogo kama .22 Hornet, kuna watu wameikuta bei chee wakajaza .223 nayo, usifanye hivyo. Kwenye kubwa tofauti ya vikombe si kali hivyo.

Usawa wa spidi ni mzuri kuliko sifa zake. Bunduki nyingi za kuwindia huwezi kuona tofauti kati ya praima ya kawaida na ya mechi ukiwa yadi 200. Bei ndiyo ya chini na mara nyingi ndizo zinazorudi kwanza shelfu ikijazwa.

Inamfaa anayeanza, mwindaji wa misitu ya kawaida, na mwenye bunduki ya bolti ya kaliba za kati.

Za magnamu

CCI 250, Federal 215, Winchester WLRM, Remington 9½M, na kwa ndogo CCI 450. Remington 7½ nayo watu wanaihesabu hapa kwa sababu ya kikombe chake kigumu ingawa inauzwa kama ya mechi.

Moto wake ni mrefu na wa nguvu zaidi, na kazi yake ni tatu: ganda kubwa lenye baruti nyingi, baruti ya tembe za duara ambayo ina mipako inayochelewesha kushika moto, na baridi kali. Ni kama mkaa, jiko dogo unawasha na kibiriti na karatasi, ukishajaza jiko la shughuli unahitaji kitu cha kushikilia moto muda mrefu zaidi. .378 Weatherby inabeba zaidi ya greni 100 za baruti (greni ni kipimo kidogo cha uzito), hapo praima ya kawaida unaiomba kazi isiyo yake. .375 H&H na .300 Win Mag vilevile ziko kundi hili.

Kikombe chake kwenye ndogo ni kigumu, na ndio maana wengi wanatumia CCI 450 kwenye 6.5 Creedmoor ya ganda la Lapua hata kama hawana shida ya moto, inavumilia presha na haitoboki. Na faida ya pili kwenye ganda hilo ni baridi: greni 41 hivi za H4350 zikiwashwa na praima ndogo kupitia tundu la milimita 1.5 kwenye asubuhi ya barafu zinaweza kuchelewa kuwaka, unasikia klik halafu bumu.

Usawa wa spidi unategemea. Kwenye ganda kubwa ukiweka ya kawaida badala ya magnamu spidi zinatawanyika, na kwenye ganda dogo ukiweka magnamu mara nyingine zinatawanyika pia, mara nyingine zinatulia. Hapa ndipo kronografu, kifaa cha kupima spidi ya risasi, inaamua, si stori. Ila presha mara nyingi inapanda, kwa hiyo ukitoka kawaida kwenda magnamu unashusha baruti hadi kiwango cha chini cha kuanzia kwenye jedwali la mtengenezaji wa baruti na unapanda taratibu tena, hata kama jana ulikuwa na mzigo (kiasi cha baruti) unaoujua vizuri. Hili sio la kujadili.

Bei iko juu kidogo ya za kawaida. Kuna kitu niliona wakati wa uhaba wa 2020 hadi 2022, magnamu zilikuwa zinabaki dukani siku moja mbili baada ya za kawaida kuisha, na watu wakajifunza kuzitumia kwa lazima.

Inamfaa mwenye ganda kubwa, anayetumia baruti ya tembe za duara, na anayewinda Minnesota, Montana au Alaska miezi ya baridi.

Za mechi

CCI BR2 na BR4, Federal 210M, 205M na 215M, na hiyo Remington 7½ ikirudi tena hapa.

Moto wake unafuata kundi la mama yake, yaani 210M ni ya kawaida, 215M ni magnamu. Usidhani mechi ni daraja la nguvu. Tofauti ni uangalizi kiwandani, kiasi cha mchanganyiko na vipimo vinasimamiwa kwa karibu zaidi. BR4 ina kikombe kigumu cha elfu 25 na moto wa kiasi, ndio maana wapiga shabaha wa ganda dogo wanaipenda. Federal kwa ujumla zina sifa ya kuwa nyepesi kulipuka zikiguswa na pini, nzuri kwa bunduki yenye springi dhaifu, lakini kwa AR (bunduki za semi-otomatiki za aina ya AR-15) Federal wenyewe wameunda GM205MAR maalum.

Usawa wa spidi ndio unaoulipia, na kwa kweli upo, ila ni mdogo na unajitokeza tu kama mengine yote umeshayanyoosha: mizani, shingo za maganda, upangaji wa vichwa vya risasi. Mtu anayepima baruti kwa kijiko na kununua 210M anatupa hela. Ukiwa yadi 1,000 na 6.5 Creedmoor, tofauti ya futi 10 kwa sekunde inakupandisha au kukushusha kama inchi 2 hadi 3, ukiwa yadi 100 huioni kabisa.

Bei iko juu ya kundi lake na kupatikana ni kwa msimu, ukizikuta chukua za loti moja (zilizotengenezwa pamoja kiwandani) za kutosha.

Inamfaa wa mashindano ya mbali na yule ambaye kronografu yake imeshamwonesha kwamba praima ndiyo kiungo dhaifu kilichobaki.

Za kijeshi

CCI 34 kwa kubwa, CCI 41 kwa ndogo.

Hizi zipo kwa sababu moja. Bunduki za semi-otomatiki kama M1 Garand, SKS nyingi na AR-15 zina pini ya kufyatulia inayoelea bila springi ya kuirudisha, bolti ikifunga kwa kasi pini inaruka mbele na kugusa praima. Toa risasi kwenye AR bila kuipiga uangalie nyuma yake, utaona kidoti kidogo katikati ya praima, hapo pini imepita. Praima nyepesi ikikutana na hiyo hali na pengine imekaa juu kidogo ya kishimo chake kwenye kitako cha ganda, bunduki inaweza kupiga yenyewe wakati inafunga, na kwenye Garand hiyo inaweza kutokea bolti haijajifunga sawasawa. 34 na 41 zimetengenezwa zisiwe nyepesi kuguswa.

Moto wake ni wa magnamu, CCI wanatumia mchanganyiko uleule, kwa hiyo jedwali la magnamu ndilo la kufuata. Kikombe ni kigumu. Usawa wa spidi ni wa heshima tu, sio kilichokupeleka huko, ingawa wapo wanaopata matokeo mazuri sana na 41 kwenye .223 yenye baruti ya tembe za duara. Kwenye bunduki ya bolti yenye springi iliyochoka unaweza kupata inayogoma, hapo tatizo ni springi zaidi kuliko praima.

Inamfaa mwenye bunduki ya semi-otomatiki, basi. Wa bolti anaweza kuitumia akikosa magnamu.

Kuhusu bei kwa ujumla, kabla ya 2020 elfu moja ulikuwa unapata kwa dola 30 hadi 40, hiyo zama imepita. CCI, Federal na Remington tangu 2024 zote zimeingia chini ya mwenye mali mmoja, Czechoslovak Group, Winchester ikabaki kwa Olin, kwa hiyo usitegemee kwamba moja ikikosekana nyingine lazima itakuwepo. Sellier & Bellot za Czech, Fiocchi za Italia na Ginex za Bosnia zinaingia na zinafanya kazi, zijaribu kwa utaratibu uleule tu. Ukinunua mtandaoni kuna ada ya mzigo hatari juu ya usafirishaji, ungana na wenzio mgawane.

Namna ya kuzijaribu bila kujidanganya

Hapa ndio nina uchungu napo kwa sababu naona watu wanapiga risasi tano za praima hii, tano za ile, wanasoma SD 6 na SD 11, wanatangaza mshindi. SD ni kipimo cha jinsi spidi zinavyotawanyika kuzunguka wastani, na kwa risasi tano hakina maana yoyote ya kutegemea. Ukipata SD 10 kwa risasi 5, ukweli wake unaweza kuwa popote kati ya 6 na 29. Kwa risasi 10 ni kati ya 7 na 18. Kwa 20 ni kati ya 7.6 na 14.6. Kwa hiyo hiyo 6 na 11 yako inaweza kabisa kuwa praima ileile moja umeijaribu mara mbili. Na ES, tofauti ya yenye kasi zaidi na ya polepole zaidi, inakua kila unapoongeza risasi, usilinganishe ES ya risasi 5 na ya risasi 20.

Basi fanya hivi. Maganda ya loti moja yaliyopigwa idadi sawa ya mara, baruti kutoka kopo moja, vichwa boksi moja, kinachobadilika ni praima peke yake. Kila praima ianze kwenye kiwango cha chini cha jedwali la mtengenezaji wa baruti na ipande yenyewe, usiirukishe kwenye mzigo wa praima nyingine. Ukishapata mzigo salama kwa zote, jaza 20 kila moja, na ukienda kupiga usimalize A zote ndio uanze B, piga A, B, A, B, maana mtutu ukipata joto na uchafu spidi inasogea na utailaumu praima bure. Kronografu ya rada kama LabRadar au Garmin Xero inarahisisha kwa sababu haigusi mtutu.

Kila unapopiga angalia praima iliyotoka. Kingo zikiwa bado za mviringo ni kawaida, zikiwa zimebapa hadi kujaza kishimo chote presha inapanda. Ukiona mdomo uliovimba kuzunguka alama ya pini inaweza kuwa presha au tundu la pini kwenye bolti ni pana, linganisha na risasi ya kiwandani kwenye bunduki hiyohiyo. Duara jeusi la moshi pembeni ya praima maana yake gesi inavuja, na kitundu katikati ya alama ya pini maana yake simama hapohapo.

Upangaji wa praima unaharibu majaribio mengi kuliko praima zenyewe. Inatakiwa ikae inchi 0.003 hadi 0.005 chini ya kitako cha ganda, miguu ya fuawe imegusa chini. Pitisha kidole, usikie kishimo kidogo. Risasi ikigoma mara ya kwanza halafu ikapiga mara ya pili, karibu kila mara praima ilikuwa haijafika chini na pigo la kwanza ndilo lililoimalizia safari. Ikigoma, shikilia mtutu kuelekea shabaha sekunde 30 kabla hujafungua bolti, kuna zinazochelewa.

Kama unawinda baridi, jaribu kwenye baridi. Acha bunduki na risasi nje usiku, mfano Januari huko Minnesota, asubuhi pima tena spidi. Kuna praima inayoshinda Julai na kuchelewa kuwaka kwenye barafu, na kulungu hatakusubiri.

Na mambo ya nyumbani, hasa wenye watoto. Mchanganyiko wa praima una madini ya risasi (lead, ambayo ni sumu), na vumbi la mashine ya kusafishia maganda kwa njia kavu limejaa hayo madini, fungulia hiyo mashine nje, nawa mikono, usile mezani pale. Praima zikae kwenye boksi lake la kiwandani, usizimimine kwenye chupa, ikilipuka moja zinaweza kulipuka zote. Miwani kila wakati.

Kwa hali yako

Unaanza na .308 au .30-06 ya bolti na Varget: ya kawaida, ile inayopatikana duka la karibu kila mara, na usiibadilishe mwaka mzima.

Una .300 Win Mag au .375 H&H: magnamu, halafu ukitaka kusogea jaribu 215M.

Una 6.5 Creedmoor: angalia ganda kwanza. Kubwa, anza na ya kawaida na ukipiga mbali linganisha na 210M au BR2. Ndogo, weka 450 na BR4 pembeni kwa pembeni, baridi ikiwepo 450 ina nafasi zaidi.

AR ya .223: 41, 450, GM205MAR au 7½. Garand au SKS: 34, ila kwa SKS angalia kwanza kama ganda linachukua praima kubwa, na soma jedwali la magnamu.

Shelfu ni tupu na umepata kundi jirani tu: chukua, shusha baruti, panda upya.

Una viza ya muda, ya masomo mfano: sheria ya shirikisho inahesabu praima, maganda, vichwa na baruti kuwa ni risasi, na mwenye viza ya muda haruhusiwi kuwa nazo isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya kuwinda. Mwenye green card yuko sawa asipokuwa na kizuizi kingine. Hakikisha na wakili kabla ya kununua hata boksi moja.

Unaenda nyumbani na ndugu amekuomba umbebee praima: hapana. Ndege haziruhusu praima peke yake, si kwenye begi la mkononi wala la chini, na Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Ukienda kuwinda kwa kibali na .375 yako, beba risasi zilizokamilika, kwenye boksi lake, ndani ya kilo 5 ambazo mashirika mengi yanaruhusu, na karatasi zote mkononi.